Mzinga na Mstari Mmoja

Nchi hii haiko jirani na yetu wala haifanani na yetu, na atakayeona inafanana akapimwe macho yeye, nchi iachwe kama ilivyo. Huko kila kitu kinaendeshwa na programu za Serikali: mageti, mabomba ya maji, makabati ya dawa, hata taa za barabarani, ambazo huwaka mchana kwa sababu mchana ndipo wakubwa hupita wakaziona.

Programu hizo hazikuwa zikibadilishwa hovyo. Ilikuwa mara moja kwa mwaka, siku iliyoitwa Siku ya Toleo Kuu. Mabadiliko ya mwaka mzima, yaliyoombwa na yasiyoombwa, yalikusanywa yakafungwa pamoja kama robota la mitumba. Bendi ikapiga tarumbeta, Waziri akakata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, mzinga ukalia gbuu!, na robota zima likaachiwa nchi nzima kwa pigo moja. Kisha wananchi wakajifungia majumbani wakingoja kujua safari hii kitaharibika nini.

Maana lazima kiharibike kitu. Mwaka mmoja mabomba yalitoa maji kwa wenye majina yanayoanza na herufi A peke yao, na wazee wazima wakaanza kuitikia Abedi na Anjelina. Mwaka mwingine wajane wote waliozwa upya, kwa wanaume ambao hawakuulizwa, na wengine kati yao walikuwa na wake zao wakali. Ndiyo maana Wizara ilikuwa na Kamati ya Pole, yenye magari yake na masufuria yake ya pilau, na siku ya Toleo Kuu ilikaa tayari injini zikinguruma.

Kurudisha mambo yalivyokuwa jana? Mwiko. Katiba yao inasema Serikali hairudi nyuma. Kwa heshima ya kifungu hicho, kila kibodi pale Wizarani iling'olewa kitufe cha kufutia kwa koleo, pakabaki kishimo kama pengo la mtoto anayeota meno.

Sasa katika Wizara hiyo, iitwayo Wizara ya Mitambo na Utulivu, alikuwepo dada mmoja jina lake Mwatumu: fundi wa programu, mama wa mtoto mchanga, na mwoga. Simsengenyi. Huko woga ni sifa ya kuajiriwa.

Kiti alichokalia kilikuwa cha Mzee Hatibu. Mzee Hatibu ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye ambaye siku moja, kikaoni, mbele za watu, alitamka neno "kosa". Hakufokewa. Alipongezwa kwa utumishi uliotukuka, akavishwa shada la maua, akapelekwa Likizo ya Heshima. Jumba la Likizo ya Heshima liko nje kidogo ya mji, lina bustani na viti vya kukunja. Geti lake linaendeshwa na programu, tena programu nzuri sana, ila walioiandika walisahau mstari wa kufungulia kutoka ndani.

Sweta yake ya kijivu ilibaki mgongoni mwa kiti. Hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kila Mwatumu alipoegemea ilimgusa shingo, naye akashtuka, akakaa wima tena.

*

Toleo Kuu la mwaka huo lilikuja na mambo mawili madogo, kila moja limeandikwa na mtu mwenye akili zake timamu. Mmoja aliamua kwamba umri wa mwananchi uhesabiwe kwa miaka kamili tu, maana miezi inajaza nafasi bure. Mwingine, kwa kuwa Serikali ilichoshwa na wafanyakazi hewa, wanafunzi hewa na marehemu wanaopokea posho, aliagiza kwamba mtu yeyote mwenye sifuri mahali penye umri ahesabiwe kuwa hewa. Hawakujuana hao wawili. Mambo yao yalikutana ndani ya robota, gizani, na siku mzinga ulipolia, watoto wote wa nchi ile ambao hawajatimiza mwaka wakaacha kuwepo.

Mwatumu alilijua hilo kwenye dirisha la dawa la zahanati ya mtaani kwake.

"Dada, samahani," alisema Nesi Mwajabu, "mtoto wako hayupo."

"Hayupo vipi, Nesi? Si huyu hapa mgongoni?"

"Mimi namwona. Tena ananichekea. Kabati ndilo halimwoni. Soma mwenyewe: *mtoto hewa*."

"Hewa inashikwa na degedege?"

"Usinitafutie balaa, mama Shani. Nenda, urudi akitimiza mwaka. Akishatimiza mwaka atakuwepo."

"Na asipotimiza?"

Nesi Mwajabu akainamisha kichwa, akaanza kupangusa kioo cha dirisha ambacho kilikuwa safi.

Shani, binti yake, alikuwa wa degedege tangu mdogo kabisa. Kijiko kimoja cha dawa kila asubuhi, naye akawa mtoto kama watoto wengine, mwenye kuvuta nywele na kutema uji. Bila kile kijiko, Mwatumu hakutaka kufikiri. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefungwa kwa bahati mbaya na Toleo Kuu la mwaka uliotangulia, na Serikali, tumeshasema, hairudi nyuma.

Nyumbani chupa ilikuwa na dawa iliyofunika chini tu. Toleo Kuu lijalo lilikuwa mwakani.

*

Hapo ndipo Rais wa nchi ile, ambaye watu humwita Baba Mtukufu Asiyerudi Nyuma, aliporejea kutoka ziara ya ng'ambo akiwa na kofia mpya na wazo jipya.

Huko ng'ambo alipelekwa kuona vijana waliovaa fulana wakibadilisha programu mchana kweupe, mara nyingi kwa siku, huku wanakunywa juisi, na hakuna kilichoungua. Akawauliza siri yao. Wakamweleza kwa adabu: Mzee, kila siku tunatoa kitu kidogo kidogo. Kila kidogo kinajaribiwa na mashine kabla hakijatoka. Kinaanzia kwa watu wachache. Kikienda kombo tunakirudisha palepale. Baba Mtukufu alisikiliza yote hayo akiitikia kwa kichwa, lakini alipofika mlangoni alikuwa anakumbuka maneno mawili tu: kila siku.

Wafanyakazi wa Wizara waliitwa ukumbini. Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Ndauka Mkumbukwa, mtu mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuatia, alipanda jukwaani.

"Ndugu zangu! Dunia inakimbia! Na sisi tutakimbia, lakini kwa utulivu! Kuanzia kesho, Toleo Kuu halitakuwa la mwaka. Litakuwa la kila siku!"

Watu walipiga makofi kwa hofu. Moyo wa Mwatumu, peke yake, uliruka kwa furaha. Kila siku! Basi kesho mtoto wake atakuwepo.

"Kila siku bendi!" Waziri aliendelea. "Kila siku utepe! Kila siku mzinga!"

Chengo, fundi aliyekaa meza ya pili na Mwatumu, alimwegemea sikioni. "Na ndani ya hilo toleo kila siku tutaweka nini, shoga? Hewa?"

Ni kama Waziri alimsikia. "Mtauliza: je, kila siku si hatari ya kila siku? Nimelifikiria hilo, na nimepata dawa. Toleo lisilo na kitu ndani haliwezi kuharibu kitu. Litatoka tupu! Kasi tumepata, hatari tumeondoa. Ng'ambo wenyewe watakuja kujifunza!"

Ukumbi ulisimama kushangilia. Mwatumu naye alisimama, ila wengine walipokaa, yeye miguu ilisahau. Akabaki amesimama peke yake kama mlingoti.

"Una swali, binti?"

"Mheshimiwa, shikamoo. Nilikuwa naomba... kama toleo ni tupu, basi tungetia kitu kidogo. Kuna jambo la watoto wachanga, kwenye makabati ya dawa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mstari mmoja, Mheshimiwa."

Kicheko kilianzia safu ya mbele, kwa wakurugenzi, kikashuka safu kwa safu kufuata vyeo.

"Mstari mmoja! Binti yangu, mzinga wa Taifa upigwe kwa mstari mmoja? Unataka majirani watuone maskini?" Halafu uso wa Waziri ukatulia, na kule kutulia kulitisha kuliko kufoka. "Na hebu nieleze vizuri. Huo mstari unarekebisha nini? Kwani huko kuna nini?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Mwatumu alilihisi, dogo, lenye herufi nne tu. Akaikumbuka sweta.

"Hakuna kitu, Mheshimiwa. Nilikuwa napongeza."

"Vema. Kaa."

*

Kukaanza enzi za mzinga wa kila siku. Saa sita mchana bendi inapiga uani kwa Wizara, Waziri anakata utepe kwenye kompyuta ya jukwaani, ambayo haikuunganishwa hata na umeme, na mzinga unalia gbuu! Vioo vilipasuka mtaa mzima. Kuku waliacha kutaga. Wapiga tarumbeta walivimba midomo hadi wakawa hawawezi kutofautisha wimbo wa Taifa na kikohozi. Lakini kwa kuwa kweli hakuna kipya kilichoharibika, watu walitoka majumbani, na magazeti yakaandika kwamba nchi sasa inaongoza kwa kutoa programu upesi na bila hatari. Kamati ya Pole ilikula pilau yake yenyewe.

Shani hakuuzoea mzinga. Kila ulipolia aliinua mikono yote miwili, vidole wazi, kama mtu anayeanguka kutoka juu.

Mwatumu alianza kumpa nusu kijiko. Halafu ncha ya kijiko. Mama yake, Bi Mize, aliyekuwa akilea mjukuu mchana, alimwona, akaichukua chupa akaitazama kwenye mwanga.

Ikawa Jumapili. Mwatumu alikuwa uani anamwogesha mtoto kwenye beseni, mzinga ukalia. Mikono ya Shani ikainuka. Safari hii haikushuka. Macho yakapanda juu, yakabaki meupe. Mkono mmoja ukaanza kupigapiga maji, taka, taka, taka, kama kuna mtu ndani yake anagonga mlango afunguliwe.

"Mama! Mama njoo!"

"Mlaze ubavu! Usimshike kwa nguvu! Mlaze ubavu, Mwatumu!"

Wakamlaza kwenye kanga. Bi Mize akawa anasoma dua kwa sauti ya chini, na Mwatumu akawa anahesabu, hajui anahesabu nini, ila aliona akiacha kuhesabu mtoto ataondoka. Kanga ilitikisika na kile kimwili kidogo. Bendi kule mbali ilikuwa inamalizia wimbo.

Ikaisha. Shani akavuta pumzi ndefu, akalala, uso umelegea, povu kidogo pembeni mwa mdomo. Mwatumu akaichukua chupa akaigeuza chini juu. Tone moja likajikusanya kwenye mdomo wa chupa, likaning'inia, likakataa kudondoka.

"Kwani hilo kabati," Bi Mize aliuliza taratibu, "si ninyi ndio mnaoliambia la kufanya?"

*

Jumatatu asubuhi Mwatumu aliandika ule mstari. Ulisema hivi tu: mwenye miezi, naye ni mtu.

Alifanya kama vijana wa ng'ambo. Aliunda mtoto wa mfano ndani ya mashine yake, akampa umri wa miezi, akampeleka kwenye kabati la mfano. Kabati likafunguka. Akampeleka mtu hewa wa kweli, marehemu mwenye posho; kabati likakataa. Akaweka kando nakala ya programu ya jana, ili ikienda kombo airudishe, ingawa kufikiria kurudisha kulimtoa jasho mgongoni. Na hakutaka kuanzia nchi nzima. Aliandika kwamba mstari uanzie zahanati moja tu, ya mtaani kwao, ili kama kuna la kuumiza, limuumize yeye kwanza.

Ilibaki kuuachia. Na hapo palikuwa na kengele.

Kengele ya Toleo ilining'inia uani kwa Wizara, kubwa, ya shaba, chini ya dirisha lao hasa. Iliunganishwa na mitambo ya Taifa ili programu yoyote ikibadilika ilie, pasiwe na wa kubadilisha kitu kwa siri. Ilisikika hadi sokoni. Kitu kimoja tu nchini kilikuwa na sauti ya kuimeza.

Saa sita ikafika. Bendi ikapiga. Mwatumu akaweka kidole kwenye kitufe.

"Unafanya nini?" Chengo alinong'ona.

"Naandika."

"Kwa kidole kimoja? Unatetemesha meza nzima! Mwatumu, sitaki kujua. Mimi sipo. Mimi ni hewa."

Gbuu!

Kidole kikashuka. Chini uani kengele ililia ndani ya mlio wa mzinga, na hakuna aliyeisikia isipokuwa aliyekuwa anaisubiri.

Hakwenda kula. Alikwenda mbio zahanati, ambako Bi Mize alishatangulia na mtoto. Nesi Mwajabu aliisogeza kadi ya Shani kwenye kabati kama mtu anayemsogezea mbwa mkono. Kabati likafikiri, likakohoa, likafunguka.

"Yupo!" Nesi alipiga kelele, akajiziba mdomo. "Mama Shani, mtoto wako yupo!"

Mwatumu alilia palepale dirishani, chupa kaikumbatia. Kilio hicho kilimfurahisha kila mtu kwenye foleni isipokuwa mama mmoja aliyesimama nyuma, mwenye pacha wawili, mmoja mbele mmoja mgongoni.

"Huku kwenu watoto wapo?" aliuliza.

"Wapo, shoga. Tangu leo."

"Kwetu Mlandege hawapo." Akaitoa kadi yake, ya zahanati ya Mlandege. Nesi akaitazama, akatikisa kichwa. Yule mama hakubishana. Alimpandisha vizuri wa mgongoni, akamfuta makamasi wa mbele, akageuka.

Pacha wa mgongoni alikuwa akikohoa. Mwatumu alikisikia kile kikohozi njia nzima ya kurudi kazini.

*

Zahanati ya mtaani ilishinda siku ile yote salama. Basi kesho yake mstari ulikuwa umekaa tayari kwenda nchi nzima. Saa sita, bendi ikapiga. Mgeni rasmi alikuwa Baba Mtukufu mwenyewe, na kofia yake. Waziri akakata utepe. Mwatumu akaweka kidole.

Mzinga ukasema: *tk*.

Kimya. Sajini wa mzinga akapiga hatua hadi jukwaani, akamnong'oneza Waziri, ila kipaza sauti kilikuwa wazi, na uani kote kukasikika: "Baruti imekwisha, Mheshimiwa. Nyingine inakuja na meli mwezi ujao."

Mwezi ujao. Mwatumu alitazama kidole chake. Mtoto wake alikuwa na chupa nzima nyumbani. Angeweza kuinua mkono, akanywa maji, akangoja baruti. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna aliyejua. Sweta ilimgusa shingo.

"Shoga," Chengo alisema, safari hii bila mzaha, "toa kidole. Watasikia. Wewe una mtoto."

"Ndiyo maana," alisema Mwatumu.

Akafumba macho, akabonyeza.

Kengele ilianza kulia. Katika kimya kile ililia kama inaita watu wote wa nchi ile kwa majina. Njiwa waliruka kutoka paa la Wizara. Kofia ya Baba Mtukufu ikainuka, taratibu, kutazama ilikotoka sauti. Vichwa vyote vikafuata, wakurugenzi kwanza. Chengo aliingia chini ya meza.

Dirishani, Mwatumu alionana macho kwa macho na Waziri.

Kitu alichokiona hakukitegemea. Waziri alikuwa anatetemeka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye tai. Alikuwa na mzinga usiolia, Rais asiyerudi nyuma, na shada la maua ambalo labda lilikuwa limeshaanza kufungwa mahali. Yule mtu mkubwa alikuwa na woga uleule, saizi yake.

Waziri akageukia kipaza sauti.

"Ndugu zangu!" Sauti ilikwaruza, ikapata njia. "Mnaisikia? Hilo ndilo Toleo! Mzinga ulikuwa wa zamani! Leo, kwa mara ya kwanza, tunatoa kwa kengele!"

Baba Mtukufu alifikiri. Watu wakamtazama anavyofikiri. Kisha akapiga kofi moja, la pili, na uani kote vigelegele vikapaa. Kamati ya Pole, kwa mazoea, ikawasha magari.

*

Waziri alipanda ngazi peke yake, bila mlinzi wala mpambe. Alifunga mlango. Aliegemea ukuta kwa mkono, akihema. Kutoka chini ya meza viatu vya Chengo vilikuwa vimejitokeza. Waziri aliviona, akaamua havipo.

"Umetoa nini?"

"Mstari mmoja, Mheshimiwa."

"Kimeharibika nini?"

Mwatumu alimgeuzia kioo cha kompyuta. Makabati yalikuwa yanafunguka, moja baada ya jingine: Mlandege, halafu bandarini, halafu majina ya mbali kule milimani ambayo hakuwahi kuyasikia. Kila mahali watoto walikuwa wanaanza kuwepo.

"Hakuna, Mheshimiwa. Na kingeharibika, ningeweza..." Alitazama mlango uliofungwa. "Ningeweza kurudisha."

Neno lilikaa katikati yao. Waziri hakulikanyaga. Alivuta leso, akajifuta uso, akakunja leso, akaikunjua tena.

"Kesho Baba Mtukufu anataka kengele ilie tena," alisema, na ile sauti ya kufuatia haikuwepo, ilibaki ya mtu tu. "Saa sita kamili. Isipolia, binti yangu, mimi na wewe... Unao mwingine? Mdogo, kama huo? Usiovunja kitu?"

Mwatumu akanyoosha mkono nyuma, akaitoa ile sweta ya kijivu mgongoni mwa kiti, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri mapajani, mkono juu ya mkono, kama nguo ya mtu anayetarajiwa.

"Ninao, Mheshimiwa," alisema. "Wa kufungulia geti."